Matumbawe Laini ya Vilindini na Lugha ya Kuyaeleza

Waswahili wa pwani walikuwa na majina mawili: matumbawe ya kujengea na marijani ya kuvaa. Waligawa kwa matumizi, si kwa kuhesabu minyiri. Hata hivyo mgawo wao unakaribiana na wa wanazuolojia. Mnyama ajengaye tumbawe gumu huwa na minyiri sita au zidisho la sita. Wa marijani anayo minane, yenye vijitawi kama unyoya, na jamaa zake ni matumbawe laini, yakiwemo ya vilindi vipitavyo mita 200.

Kuyatambua hayo si kazi ya macho matupu. Rangi hufifia katika spiriti, umbo husinyaa. Mtaalamu huyeyusha kipande cha nyama kwa dawa ya kung'arishia nguo, kisha hutazama kwa hadubini vijiwe vya chokaa vilivyobaki (si vile vya vijana): kimoja mfano wa rungu, kingine kimechongoka ncha mbili. Jeni nazo husaidia; ndizo zilizofanya mpangilio wa oda upanguliwe mwaka 2022, ingawa mara nyingine hushindwa kutenganisha spishi za karibu.

Kanuni za kimataifa hutaka jina liwe kwa herufi za Kilatini. Maelezo hazilazimishi yawe ya Kiingereza. Hupendekeza tu lugha itumikayo sana kimataifa. Basi spishi mpya ya vilindi vya Pemba yaweza kuelezwa kwa Kiswahili, ikakubalika. Maneno tunayo: mnyiri, shina, rungu. Tulichokosa ni uthabiti. Aandikaye “rungu” leo asiandike “kirungu” kesho, kwani atakayelinganisha sampuli miaka hamsini baadaye atadhani ni vitu viwili.