Prosesa ya Viini Viwili kwa Ofisi za AMCOS na Shule za Mbinga na Nyasa: Tununue Ipi?



Kazi ya kompyuta katika ofisi ya AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, inajulikana: kuandika kilo za kahawa za kila mkulima, kutunza hesabu za pembejeo, kuchapa orodha za malipo, na kuingiza taarifa kwenye MUVU, mfumo wa kusimamia vyama vya ushirika unaofunguliwa kwa intaneti. Shuleni ni kuandika, kupiga hesabu kwenye majedwali na kutafuta habari. Viini viwili vinazitosha kazi hizi, lakini si viini viwili vyovyote, na hapo ndipo fedha za wanachama zinapopotea.

Mnunuzi wa kompyuta ya mtumba huambiwa, "Hii ni dual core, gigahezi 3," naye akaridhika. Core 2 Duo E8400 ya mwaka 2008 ina viini viwili na gigahezi 3.0. Pentium G4560 ya mwaka 2017 ina viini viwili na gigahezi 3.5. Ukisikiliza namba hizo tu utadhani zimekaribiana. Ukizikalia kufanya kazi ni mbingu na ardhi. G4560 hufanya mengi zaidi katika kila mzunguko, hutumia RAM ya DDR4, na kila kiini chake hupokea kazi mbili kwa pamoja, hata Windows huiona kana kwamba ina viini vinne.

Prosesa hii nawaomba muikumbuke. Ilipotoka Januari 2017, Intel waliipangia dola 64, wakati Core i3-7100 ilikuwa dola 117. Zote zina viini viwili, hupokea kazi nne, na zina kashe ya MB 3. Hiyo i3 ilifika gigahezi 3.9 na ina maelekezo ya AVX, yanayosaidia kwenye video na hesabu nzito. Kwa leja ya kahawa, tofauti hiyo hutaiona. Kwa hiyo jina la Core i3 lisitutoe fedha mfukoni. Tena, "Core i3" bila namba haitoshi: i3-2100 ni ya mwaka 2011, kizazi cha pili, i3-7100 ni kizazi cha saba. Kwa namba za tarakimu nne kama hizi, soma tarakimu ya kwanza baada ya kistari. Fedha inayobaki inunue SSD na RAM ifike GB 8, maana prosesa nzuri yenye hard diski iliyochoka bado itakuchelewesha mkulima akiwa amesimama dirishani.

Umeme nao tuupigie hesabu. Pentium D za 2005, ambazo pia ni za viini viwili, ziliandikiwa wati 95 au 130. G4560 ni wati 54. Tuchukulie mashine nzima zinatofautiana kwa wati 40 tu. Kwa saa 8, siku 25, ni uniti 8 kwa mwezi. Chumba chenye mashine 20 ni uniti 160. Kwa bei ya shilingi 350 hivi kwa uniti, ni shilingi 56,000 za LUKU kila mwezi, na hakuna mwanafunzi aliyefaidika nazo.

Lipo jambo linalobadilisha ushauri wangu. Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haizikubali G4560 wala i3-7100. Kwa maabara ya shule, bado ningezinunua na kuweka Linux Mint pamoja na LibreOffice. Kwa ofisi inayoshika malipo ya wakulima na inayohitaji Windows, ongezeni fedha mpate Pentium Gold G5400 ya 2018. Msijaribu kuihamishia kwenye mazabodi ya G4560: soketi zinafanana kwa umbo, ila haitawaka, inataka mazabodi ya toleo la 300.

Dukani, msiiamini stika ya nje, kwani hubandikwa upya. Mashine iwashwe, mbonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, mfungue Performance. Angalieni mistari miwili: Cores iseme 2, Logical processors iseme 4. Kisha someni jina kamili la prosesa juu, upande wa kulia, maana hata i3-2100 ya zamani huonyesha 2 na 4. Mwisho fungueni kifuniko. Vumbi likiwa limeziba mapezi ya kipoza joto na pesti imekauka kama chokaa, daini punguzo, au isafishwe mbele yenu.

Wenzetu wa Mbamba Bay, Liuli na Lituhi wana shida ambayo Mbinga mjini, kwenye baridi ya milima ya Umatengo, haionekani. Kule kando ya Ziwa Nyasa ni joto, na mashine iliyotulia Mbinga huanza kuvuma feni. Kwao, hasa wanaotegemea sola, kwa kazi zisizohitaji Windows, ningetafuta kompyuta ndogo ya mezani yenye i3-7100T: viini viwili, kazi nne, gigahezi 3.4, wati 35, inayotumia adapta ya nje kama ya laptopu. Adapta ikiungua hubadilishwa bila kufungua mashine, basi agizeni ya akiba siku hiyo hiyo mnaponunua.