Mtoto Anapokwenda Kusoma Ng'ambo: Safari Huanzia Kwenye Kadi ya Kliniki

Wewe unayechambua ndengu kivulini, sogeza redio karibu.

Leo hatuzungumzi juu ya mtoto mchanga. Tunazungumza juu ya yule mkubwa, aliyemaliza kidato cha nne na sasa ameitwa chuo kikuu nje ya nchi. Ukoo umefurahi, harambee imepangwa. Pengine utauliza, jambo hili linahusu afya kwa njia gani? Linahusu sana, na sehemu yake kubwa iko mikononi mwako wewe mama.

Watoto wetu hawakuanza kwenda ng'ambo jana. Mwaka 1960 Wangari Maathai alikuwa mmoja wa vijana waliopelekwa Marekani kusoma. Akarudi mwaka 1966, na mwaka 2004 akapata Tuzo ya Amani ya Nobel. Profesa Kivutha Kibwana, gavana wa kwanza wa Makueni, alisomea sheria hadi Harvard. Kwa hiyo inawezekana. Lakini mtoto aende akiwa mzima, na abaki mzima.

Kwanza: itafute kadi ya kliniki.

Hebu tumfikirie mama mmoja wa Mutomo. Binti yake ameitwa chuo kikuu Marekani. Chuo kinataka ushahidi wa chanjo. Mama anafungua sanduku na kukuta kadi imeliwa na mchwa. Afanye nini?

Vyuo vingi vya Marekani hutaka mwanafunzi awe amepata chanjo mbili za surua, rubella na matubwitubwi, ule ugonjwa wa kuvimba mashavu. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2006 alipewa hapa kwetu chanjo moja ya surua akiwa na miezi 9. Ile ya pili, ya miezi 18, iliingia katika ratiba mwaka 2013. Kampeni ya surua na rubella ya mwaka 2016 ilikuwa ya watoto wa miezi 9 hadi miaka 14, lakini kama haikuandikwa popote, huna ushahidi. Nayo chanjo ya matubwitubwi haimo katika ratiba yetu ya kawaida.

Kwa hiyo hata mama aliyetunza kadi vizuri, mtoto wake huenda akahitaji kuchanjwa tena. Usiogope. Kurudia chanjo hii hakumdhuru mtu mwenye afya. Lakini msichana mjamzito hachanjwi, na mtu mwenye ugonjwa unaopunguza kinga ya mwili amwone daktari kwanza. Kati ya sindano ya kwanza na ya pili ni lazima zipite wiki 4 au zaidi. Ndiyo sababu tunasema anza mapema, si wiki ya kupanda ndege. Uliza pia bei mapema.

Kama anakwenda India, atahitaji cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Achanjwe angalau siku 10 kabla ya kusafiri. Cheti hicho sasa hutumika maisha yote, kwa hiyo kiwekwe pamoja na pasipoti.

Pili: uchunguzi wa kifua kikuu.

Anayekwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi 6 hupimwa kifua kikuu kabla ya kuomba viza. Atapigwa picha ya kifua, na ikibidi atatoa makohozi. Cheti hutolewa na kliniki iliyoidhinishwa na serikali ya Uingereza huko Nairobi, si na hospitali yoyote tu, na hudumu miezi 6. Usimlipe mtu anayesema atakuletea cheti bila mtoto kupimwa.

Je, akikutwa na ugonjwa? Mwaitu, usilie wala usifiche. Kifua kikuu hutibiwa kikapona. Dawa ni bure katika hospitali za serikali, na kwa kawaida humezwa kwa miezi 6. Safari itachelewa, haijafa.

Anayekwenda Marekani huenda akapimwa huko kwa sindano ya ngozi. Chanjo ya kifua kikuu aliyopewa alipozaliwa inaweza kuifanya ngozi ivimbe ingawa hana ugonjwa. Aeleze kwamba alichanjwa, na aombe kipimo cha damu, ambacho hakichanganywi na chanjo hiyo.

Tatu: bima na dawa.

Ng'ambo, kulazwa hospitalini siku chache bila bima kunaweza kumaliza harambee yote. Uingereza hutoza ada ya afya pamoja na viza. Tangu Februari 2024 ada ya mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka. Akifika, ajiandikishe haraka kwa daktari wa mtaa anakoishi, asingoje augue. Marekani, vyuo vingi humtaka mwanafunzi awe na bima. Ingizeni gharama hiyo katika hesabu ya harambee tangu mwanzo.

Kama mtoto ana pumu, kifafa au kisukari, apewe barua ya daktari yenye jina la ugonjwa na jina la dawa. Dawa zikae katika pakiti zake, kwenye mkoba anaoingia nao ndani ya ndege.

Na hili mlikumbuke sana. Akipata homa katika miezi ya kwanza, amwambie daktari: "Nimetoka Kenya, tafadhali nipime malaria." Daktari wa huko huenda asiifikirie, na malaria haingoji.

Nne: pesa.

Mwaka 2023 wazazi wa kaunti ya Uasin Gishu waliandamana wakidai pesa walizolipia mpango wa kupeleka watoto wao Finland na Kanada. Kuna waliokuwa wameuza mashamba. Kabla ya kuuza ng'ombe, hakikisha chuo chenyewe kimethibitisha jina la mtoto, na karo ilipwe kwa akaunti ya chuo, si kwa simu ya wakala.

Tano: moyo wa mtoto.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Mtoto amefika. Ni baridi, jua linatua saa 10 jioni. Hakuna muthokoi, hakuna anayemwita kwa jina la nyanya yake. Wiki ya pili simu inalia. Ni nyumbani: karo ya mdogo wake, dawa ya mjomba, tangi la maji limepasuka. Anaona aibu kusema hana kitu. Anatafuta kazi za usiku, ingawa Uingereza humruhusu mwanafunzi wa shahada kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki wakati wa masomo. Halali, hali vizuri, anaanguka mitihani. Ukimuuliza anajibu, "Niko sawa, mum."

Mama, mwaka wa kwanza usimwombe pesa. Waambie na wajomba zake. Amekwenda kusoma, hajaajiriwa.

Na unapompigia, usiulize "Uko sawa?" pekee. Muulize: Leo umekula nini? Jana ulilala saa ngapi? Umeongea na nani leo? Majibu yatakuambia ukweli. Akiwa halali kwa wiki nzima, haendi darasani, au anasema amechoka kuishi, usimkemee wala usimwambie ajikaze. Msikilize. Mwambie aende kwa mshauri wa wanafunzi chuoni, maana vyuo vingi wanaye. Kukiwa na hatari ya kujiua, apige 999 akiwa Uingereza, au 988 akiwa Marekani, na wewe umpigie rafiki yake aende aliko. Kwa hiyo kabla hajapanda ndege, chukua nambari ya mtu mmoja aliye karibu naye huko.

Akina mama, tukumbushane: kadi, chanjo, kipimo cha kifua kikuu, bima, na simu yenye maswali mazuri. Hata aliye na mtoto wa miezi 9 leo, kadi ile itie kwenye karatasi ya plastiki, mbali na mchwa. Hujui itafunguliwa nchi gani.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi:
1. Kadi za kliniki za watoto wetu ziko wapi leo?
2. Tutawaambiaje jamaa wasimwombe mwanafunzi pesa?
3. Ni dalili gani zinaonyesha kwamba "niko sawa" si kweli?