Tuwasemeshe Watoto Wetu Tangu Wachanga

(Hotuba ya Mwenyekiti wa kikundi, siku ya kutimiza miaka kumi)



Awali ya yote tumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha miaka kumi. Habari za hisa, mikopo na faida Katibu na Mweka Hazina wamekwisha kuzisoma, sina haja ya kuzirudia. Mimi naomba niseme jambo moja tu, nalo ni la watoto wetu wachanga. Tulipoanza kuweka akiba, kila mmoja alisema anaweka kwa ajili ya watoto. Lakini mtoto halelewi kwa hela peke yake. Anahitaji na maneno.

Akina mama wenzangu, mtoto huanza kusikia angali tumboni, mimba ikiwa ya miezi sita hivi. Akizaliwa, sauti ya mama yake anaijua tayari. Kwa hiyo tusiseme, "Huyu bado hajui kitu, nizungumze naye nini?" Neno ambalo mtoto hajawahi kulisikia atalitoa wapi? Ni kama sanduku letu: kisichowekwa hakitoki. Haba na haba hujaza kibaba.

Na kazi hii haina gharama. Unapeta uwele, mtoto yuko mgongoni, mwambie: "Mama anapeta uwele. Tazama, kuku huyo anakuja kula!" Unamwogesha, mtajie mkono, mguu, tumbo. Akisema "aguu", na wewe mjibu "aguu", halafu nyamaza umngoje. Atakujibu. Hayo ndiyo mazungumzo. Ukisema wewe tu bila kumpa nafasi, hiyo ni hotuba, kama hii yangu.

Wengine huuliza, tumsemeshe kwa lugha gani? Hapa kwetu wapo Wagogo, Warangi, Wasandawe na wengine wengi. Mimi nasema, kila mtu amsemeshe kwa lugha anayoijua vizuri. Bibi akimwimbia Kigogo na mama akimsemesha Kiswahili, mtoto hachanganyikiwi. Atazishika zote mbili.

Sasa niseme lile ambalo huenda likatuuma kidogo. Tangu tupate mikopo, wengi wetu tunatoka alfajiri. Huyu yuko sokoni Majengo, huyu anapika chakula cha vibarua, huyu msimu wa zabibu yuko shambani. Marejesho hayangoji. Mtoto anabaki na binti ambaye ameagizwa jambo moja tu: asilie. Basi anapewa simu atazame picha, na kweli ananyamaza. Jamani, mtoto kunyamaza kutwa nzima si sifa! Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili asikalishwe mbele ya televisheni wala simu. Simu inaongea, lakini haimsikilizi mtoto wala haimjibu.

Sisemi tuache biashara, hata kidogo. Nasema yule anayebaki na mtoto aagizwe pia amsemeshe na kumwimbia. Na sisi tukirudi jioni, wakati ugali unapikwa, mtoto awe karibu tuongee naye. Akina baba nao wasijitoe. Sauti ya baba si ya kukemea tu.

Zipo dalili za kutazama. Mtoto wa miezi tisa huwa anasema "mamama", "bababa", na ukimwita jina anageuka. Mwaka mmoja, anamwita mama au baba. Mwaka na nusu, anayo maneno matatu au zaidi. Miaka miwili, anaunga mawili: "mama njoo", "nataka maji". Watoto hawalingani, lakini ukiona mtoto wako yuko nyuma sana, au sauti kubwa haimshtui, au sikio linatoa usaha, usingoje ukisema atasema tu. Nenda zahanati, wakuandikie rufaa akapimwe masikio. Wala msimpeleke kukatwa kilimi! Kilimi hakizuii mtoto kusema, na wembe huo unaweza kumletea damu isiyokoma, pepopunda, hata kifo. Mtoto aliyezaliwa kiziwi husaidiwa vizuri zaidi akigundulika mapema. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwaka 2017 kuwapandikizia watoto kama hao vifaa vya kusikia. Na lugha ya alama nayo ni lugha kamili, familia nzima inaweza kujifunza.

Ndugu Mgeni Rasmi, Desemba 2021 Serikali ilizindua hapahapa Dodoma Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, kwa watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane. Inataja mambo matano: afya, lishe, ulinzi na usalama, malezi yenye mwitikio, na kujifunza mapema. Malezi yenye mwitikio ni hayohayo ninayosema: mtoto akitoa sauti, ajibiwe.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwa kikundi. La kwanza, siku ya mkutano, kabla ya kufungua sanduku, tutenge dakika kumi tukae na watoto wetu, tuwaimbie na kuwasemesha, na akina bibi watufundishe nyimbo zao za kubembeleza kabla hazijapotea. La pili, mfuko wa jamii utoe nauli kwa mama anayempeleka mtoto kupimwa masikio. Tunachangia misiba, na hili tulichangie.

Mimi nimeishia darasa la saba, lakini wajukuu wangu nawasemesha kila siku, nao wananijibu mpaka nachoka. Nawaombea na ninyi uchovu huo.

 Kikundi chetu kidumu!