Vita Vikuu vya 1914–1918: Chanzo, Mwendo na Mwisho Wake

(Hotuba iliyosomwa na karani wa chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Wazee wa chama hiki walituagiza tuandike, kwa lugha ambayo kila mtu ataisikia, habari za vita vile ambavyo babu zetu wengi walivifia bila kuambiwa vilianza kwa ajili gani. Tumetii. Baadhi ya vijana wameuliza kuna faida gani kufukua mambo yaliyopita miaka mia na zaidi, hali paa la ukumbi linavuja. Paa litatengenezwa, fedha zake zimo katika hesabu za Mweka Hazina, na kila mwenye macho atazisoma. Lakini jambo hili nalo lina kazi yake, kama mtakavyoona.

Ulaya ya siku zile iligawanyika makundi mawili. Ujerumani, Austria-Hungaria na Italia zilifungwa na mkataba tangu 1882. Ufaransa na Urusi zikafanya wao mwaka 1894, kisha Uingereza ikapatana na Ufaransa mwaka 1904, na Urusi mwaka 1907. Kila upande ulimwogopa mwenzake, na kwa hofu hiyo ukazidisha askari na manowari. Mataifa hayo yalikuwa kama nyumba za makuti zilizojengwa bega kwa bega wakati wa kaskazi.

Tarehe 28 Juni 1914, katika mji wa Sarajevo, kijana wa miaka 19 aitwaye Gavrilo Princip alimpiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Austria-Hungaria, pamoja na mkewe Sophie. Wote wawili wakafa. Princip alikuwa Mserbia wa Bosnia, nchi ambayo Austria-Hungaria ilikuwa imeitwaa rasmi mwaka 1908. Austria ikailaumu Serbia, ikatangaza vita tarehe 28 Julai. Urusi ikasimama na Serbia, Ujerumani ikasimama na Austria, na Ufaransa ilikuwa na mkataba wake na Urusi. Wajerumani, wakitaka kuishinda Ufaransa upesi kabla Warusi hawajajikusanya, wakapita katika Ubelgiji, nchi ambayo mataifa makubwa yalikuwa yameahidi kwa maandishi mwaka 1839 kwamba haitaguswa. Basi tarehe 4 Agosti Uingereza nayo ikaingia. Tangu ile risasi hata siku hiyo zilipita siku 37 tu.

Wako wasemao kwamba Princip ndiye aliyeleta vita. Sisi hatuoni hivyo. Cheche huanguka kila siku. Hii iliangukia makuti makavu.

Mwendo wa vita kule Ulaya tutaupitia kwa haraka, maana vitabu vyake ni vingi. Wajerumani walizuiliwa kwenye mto Marne mwezi wa Septemba 1914. Baada ya hapo majeshi yakachimba mahandaki kutoka mpaka wa Uswisi hata Bahari ya Kaskazini, na kwa miaka mitatu hakuna aliyemsogeza mwenzake kwa mbali. Katika siku moja tu, tarehe 1 Julai 1916, kwenye mto Somme, Waingereza zaidi ya 19,000 waliuawa. Mwaka 1917 manowari za chini ya maji za Wajerumani zilizamisha meli bila kuchagua, na Marekani ikaingia vitani mwezi wa Aprili. Mwaka huo huo Warusi wakaipindua serikali yao, na Machi 1918 wakafanya amani yao peke yao.

Sasa, yalitufikiaje sisi? Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa na kifungu kilichoruhusu nchi hizi za katikati ya Afrika zibaki nje ya vita vya Wazungu, na Gavana wa Kijerumani, Heinrich Schnee, alitamani iwe hivyo. Haikuwa. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza iliipiga Dar es Salaam kwa mizinga, na tarehe 15 Wajerumani wakaitwaa Taveta. Mwezi wa Novemba Waingereza walishusha askari wa Kihindi wapatao 8,000 huko Tanga, wakarudishwa majini na jeshi la watu kama 1,000. Jemadari wa jeshi hilo, Paul von Lettow-Vorbeck, alijua fika kwamba hawezi kuishinda Uingereza hapa. Shabaha yake ilikuwa kuvuta huku askari wengi wa adui kadiri iwezekanavyo, wasipate kwenda Ulaya. Kwa maneno mengine, nchi zetu zilifanywa kamba ya kumfungia ng'ombe wa watu wengine.

Jan Smuts alipofika mwanzoni mwa 1916 alimsukuma Lettow-Vorbeck kutoka Kilimanjaro kwenda kusini. Dar es Salaam ikachukuliwa tarehe 4 Septemba, na Wabelgiji wakaingia Tabora siku kumi na tano baadaye. Kwenye ramani yaonekana ni ushindi mkubwa. Lakini jeshi lilikuwa limeiacha reli nyuma, na farasi na ng'ombe walikufa kwa mbung'o. Mizigo yote ikawa juu ya vichwa vya watu.

Tufanye hesabu kidogo, kwani sisi makarani ndiyo lugha yetu. Tuseme mpagazi achukua ratili 50 za unga, naye ala ratili mbili kila siku. Akienda mwendo wa siku kumi na kurudi siku kumi, amekula ratili 40 za mzigo wake mwenyewe, na askari amefikishiwa ratili 10. Jeshi likisonga mbele zaidi, wapagazi hawana budi kuongezwa, na hao walioongezwa nao wahitaji kula. Mwenye kuifahamu hesabu hii ameifahamu sababu ya sheria ya kushurutisha watu iliyotolewa mwaka 1915, na ya lile kamata kubwa la 1917, ambalo John Ainsworth aliwekwa kulisimamia. Wilaya zilitakiwa kutoa watu, na wazee wa vijiji wakaambiwa wawatoe.

Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Vinywa vya watu vikalifanya Kariakoo, na jina hilo lingali kwenye mtaa wa Nairobi na ule wa Dar es Salaam. Aghalabu hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi. Unga wa mahindi usioiva uliwaharibu matumbo, na watu wa nyanda za baridi walipelekwa mabonde ya Rufiji katika mvua kuu. Kwa upande wa Waingereza askari kama 11,000 walikufa katika vita vya huku. Wapagazi waliokufa upande huo huo, hesabu za maandishi zapita 40,000, na wataalamu wa historia waliochunguza baadaye wanakaribia 100,000.

Novemba 1917 Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma akaingia nchi ya Wareno, akazunguka humo miezi kumi, kisha akageukia Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Wakati huo huko Ulaya Ujerumani ilikuwa imeishiwa nguvu na chakula. Marafiki zake walijitoa mmoja mmoja: Bulgaria, Uturuki, Austria. Kaisari Wilhelm akaachishwa ufalme tarehe 9 Novemba 1918, na tarehe 11, saa tano ya asubuhi, mizinga ikanyamaza.

Huku haikunyamaza. Tarehe 12 watu walikuwa bado wakipigana karibu na Kasama. Habari ilimfikia Lettow-Vorbeck tarehe 13, karibu na mto Chambeshi, naye akasalimisha silaha tarehe 25 Novemba huko Abercorn, mji uitwao sasa Mbala, akiwa na Wazungu 155 na askari 1,168. Wapagazi walikuwa wamechukua mizigo ya vita vilivyokwisha kwisha. Wengi wao wakakutwa na ile homa ya mafua ya 1918 kabla hawajafika makwao.

Mkataba wa Versailles ulitiwa sahihi tarehe 28 Juni 1919, miaka mitano kamili baada ya Sarajevo. Ujerumani ilinyang'anywa makoloni. Tanganyika ikapewa Waingereza, Ruanda na Urundi Wabelgiji. Hapa Kenya, askari wa Kizungu waliorudi walipewa mashamba. Waafrika waliorudi walipewa kipande.

Yabaki jambo la majina. Taveta na Voi yako makaburi ya askari, yenye mawe yaliyoandikwa vizuri na kufyekwa. Wapagazi hawakupewa mawe. Tume ya makaburi ya vita iliamua katika miaka ya 1920 kwamba sanamu za pamoja zitatosha, zile zilizosimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, na viongozi wengine wakasema makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yamezwe na msitu. Hata mshahara wa wengi waliokufa haukuwafikia jamaa zao, kwa kuwa jina aliloandika karani wa kikosi halikulingana na jina la nyumbani. Aprili 2021 tume hiyo hiyo ilitoa taarifa ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Na Serikali ya Uingereza ikaomba radhi Bungeni.

Kwa hiyo Kamati imenunua daftari moja kubwa, lenye jalada gumu. Twawaomba wazee walete jina la kila mpagazi wa ukoo wao: jina lake la nyumbani, jina la babake, rika lake, kijiji alikotoka, kama alirudi au hakurudi, na nani aliyesimulia. Asiyejua mwaka asiubuni. Wajukuu waliosikia habari hizi kwa masikio yao ni wachache, na mwaka huu tumewazika wawili. Daftari liko mezani kwa Katibu, nasi tutakuwapo kuandika kila Jumamosi tangu saa tatu asubuhi hata saa saba.