Nyegere na Jamaa Zake: Tuinue Mizinga, Tuache Sumu



Mada yangu inamhusu nyegere pamoja na wanyama wa mabara mengine wanaowekwa naye kundi moja kwa kuwa wote wana miguu mifupi, makucha marefu na kipaji cha kuchimba. Ninachotaka kukitetea ni hiki: anayelinda manzuki kwa sumu na mitego hupata hasara kubwa kuliko anayeinua mizinga yake.

Kufanana kwa wanyama hawa kunadanganya. Wengi wao wamo katika familia ya fisimaji na kicheche, lakini koo zao zilitengana zamani mno. Wale wanaorusha uvundo huko Java na Palawan wameondolewa kabisa katika familia hiyo baada ya vinasaba vyao kuchunguzwa; sasa wanahesabiwa pamoja na skanki wa Marekani. Asia wapo pia wadogo wa jenasi ya Melogale, na wenye pua kama ya nguruwe, ambao spishi yao moja inazidi kupungua kwa sababu ya mitego ya waya. Yule wa Amerika Kaskazini hufukua kindi wa ardhini, na mara nyingine koyote huwinda kando yake: kindi akitoroka juu ananaswa na koyote, akijificha shimoni anakuwa wa mchimbaji.

Wa Ulaya ndiye anayetuhusu zaidi, kwa sababu serikali ya Uingereza iliwahi kupima kwa makini faida ya kumuua. Wanyama hawa huishi kwa vikundi katika mashimo yanayorithiwa kizazi hadi kizazi. Mwaka 1971, huko Gloucestershire nchini Uingereza, mmoja wao alikutwa na kifua kikuu cha ng'ombe, na tangu hapo wafugaji wakadai waangamizwe. Kuanzia 1998 hadi 2005 lilifanyika jaribio kubwa, na karibu wanyama 11,000 waliuawa. Ndani ya maeneo ya mauaji ugonjwa ulipungua kwa ng'ombe, lakini pembezoni mwake ukaongezeka. Kikundi kilipovunjwa, waliosalia walitangatanga mbali na makazi yao na kuusambaza. Mwaka 2007 jopo huru lililosimamia jaribio lilitoa hukumu kwamba kuua hakungetoa mchango wa maana katika kuudhibiti ugonjwa huo. Hata hivyo mauaji yalirejeshwa Uingereza mwaka 2013, ilhali Wales ilichagua kuwachanja wanyama hao. Kwa maoni yangu Wales ndiyo iliyousikiliza ushahidi.

Sasa turudi kwa nyegere wetu na swali lilelile: je, kumuua kunasaidia? Yeye haishi kwa vikundi na hatumlaumu kwa kifua kikuu. Kosa lake ni mzinga. Anaupindua, anaupasua, anakula asali na hasa majana. Ngozi yake nene na iliyolegea humkinga na miiba mingi. Hasara kubwa kwa mfugaji ni kundi la nyuki linalokufa au kuhama, kwa sababu asali ya msimu mmoja hurejea, lakini kundi lililopotea huchukua muda kupatikana tena.

Hasira ya mfugaji naielewa. Lakini tutazame tunamuua nani. Utafiti wa Colleen na Keith Begg huko Kalahari ulionyesha kwamba dume huzunguka eneo la zaidi ya kilomita za mraba 500. Kwa hiyo anayefika usiku kwenye manzuki yako huenda ametoka mbali sana, na ukimuua, mwingine anaweza kupita njia hiyohiyo. Jike kwa kawaida huzaa mtoto mmoja, na mtoto huyo hukaa na mama yake mwaka mmoja au zaidi akijifunza kuwinda. Mnyama anayezaa taratibu namna hii hawezi kufidia vifo vya kila msimu. Tena sehemu kubwa ya mlo wake ni panya, nyoka, nge na mabuu, yaani anatusaidia mashambani bila malipo. Na sumu haichagui: tai akila mzoga nayo humfikia, na mbwa wa jirani vilevile.

Njia ya kumzuia ipo na haihitaji utaalamu wa kigeni. Wazee wa Tabora wametundika mizinga ya magogo na magome juu ya miti tangu zamani. Mzinga wa Kenya wenye vipande vya mbao juu hutundikwa kwa waya kati ya nguzo mbili. Afrika Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wafugaji waliokubali kuinua na kufunga mizinga yao badala ya kuua walipewa alama maalumu ya kubandika kwenye chupa za asali, na mnunuzi akajua anachokichangia. Anayetumia mti auzungushie shina bati laini, na kifuniko kifungwe kwa waya. Mzinga ulioachwa juu ya mawe mawili ni mwaliko.

Ninachoomba semina hii ya wafugaji nyuki ipitishe ni kwamba vyama vyetu visitoe mkopo wa mizinga mipya bila kujumuisha ndani yake gharama ya nguzo, waya na bati, na kwamba maofisa nyuki wakague utundikaji kabla ya kuidhinisha manzuki yoyote.