Digrii ya Uhandisi wa Viwanda: Tupige Hesabu Kabla ya Kujaza Fomu

(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi, Kiamaiko, baada ya Swala ya Alasiri)



Shukrani zote ni za Allah (s.w.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu, kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mtaa wetu huwa na pilikapilika zile zile. Mtoto amepata B, hisabati na fizikia ziko sawa, basi watu wanasema "huyu ni injinia". Baba anauza mbuzi wawili. Mama anaomba zamu yake ya chama isogezwe mbele. Mjomba wa Isiolo anapigiwa simu. Lakini hakuna aliyeuliza: injinia wa nini, na pesa hii itarudi lini? Leo nataka tuongee juu ya tawi moja tu, uhandisi wa viwanda. Watu wetu wanalielewa kidogo sana, na nikwambie ukweli, ndilo liko karibu na sisi kuliko mengine yote.

Injinia wa viwanda si yule wa kulala chini ya mashine na spana. Yeye anaangalia kazi nzima inavyopita: watu, mashine, mali na muda. Chukua machinjio yetu hapa. Lori linatoka Moyale au Marsabit, mbuzi wanashuka, wanangoja. Wanachinjwa, wanachunwa, mkaguzi wa nyama anapiga muhuri, nyama inapakiwa kwa bodaboda kwenda mjini. Ngozi huku, matumbo kule, damu mtaroni. Sasa jiulize: mbuzi amengoja saa ngapi, na amekonda kiasi gani akingoja? Mchunaji anatembea hatua ngapi kufuata maji? Bodaboda wangapi wamepanga foleni alfajiri kwa mzoga mmoja? Ngozi ngapi zimetobolewa na kisu, bei ikaanguka? Anayekaa na saa na daftari akapunguza hasara hizo, mwenye mbuzi akapata zaidi na mchunaji akachoka kidogo, huyo ndiye injinia wa viwanda. Kule Japani, Taiichi Ohno wa Toyota alihesabu aina 7 za hasara kiwandani, na kungoja ni mojawapo. Sisi hapa tunazo zote 7 kabla jua halijachomoza.

Na usidhani ni elimu ya watu wa makoti meupe. Mmoja wa walioianzisha, Frank Gilbreth wa Marekani, alianza kazi akiwa mwashi mwaka 1885, wala hakupitia chuo kikuu. Aliangalia jinsi waashi wanavyoinama kuokota matofali, akapunguza miondoko ya kuweka tofali moja kutoka 18 hadi karibu 5. Mkewe Lillian alipata udaktari wa falsafa mwaka 1915, akazaa watoto 12, na mwaka 1935 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Purdue. Hilo nawaambia akina baba wanaosema uhandisi si wa binti.

Haya, tuje kwenye gharama. Watu hutaja karo peke yake. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyelipiwa na serikali alitozwa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka. Tangu mwaka 2023 mambo yakabadilika. Karo ikafuata kozi, na mwanafunzi akapangwa kwenye kiwango kulingana na uwezo wa nyumbani. Mpango huo ulipingwa mahakamani, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema unakiuka Katiba, serikali ikakata rufaa. Kwa hiyo usibebe tarakimu ya mtoto wa jirani aliyeingia miaka 6 iliyopita. Omba barua ya chuo chenyewe, usome kila mstari, pamoja na ada za maabara na malazi.

Ila gharama kubwa haiko kwenye barua hiyo. Ni miaka. Uhandisi hapa Kenya ni miaka 5, si 4. Tuseme, kwa mfano tu, kijana anapata shilingi 500 kwa siku akifanya kibarua machinjioni, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 13,000 kwa mwezi, 156,000 kwa mwaka. Kwa miaka 5 ni 780,000 ambazo hazikuingia nyumbani. Nyumba yenye wadogo 4 wanaosoma lazima ijue hilo mapema, wasije wakamgeukia kijana mwaka wa tatu wakamwambia arudi asaidie. Nimeona hilo likitokea zaidi ya mara moja. Aliyeacha mwaka wa tatu hana digrii na hana ile miaka.

Halafu faida. Sitakudanganya ati viwanda vinamngoja. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kilisimama mwaka 2009. Eveready wakafunga kiwanda cha betri Nakuru mwaka 2014. Mwaka 2017 serikali ilisema viwanda vitafikia asilimia 15 ya pato la taifa ifikapo 2022. Mwaka huo ukafika vikiwa chini ya asilimia 10. Lakini tawi hili lina jambo ambalo matawi mengine hayana: halifungwi na aina moja ya kiwanda. Vya nguo pale Athi River wanahitaji mtu wa kusawazisha kazi ya mashine za kushona, dakika kwa dakika. Vya vyakula wanahitaji wa ubora na wa ghala. Hata hospitali ina foleni, hata kampuni ya malori. Na sisi tuko hatua chache kutoka Baba Dogo na Ruaraka. Kijana wa Kiamaiko anaweza kutafuta nafasi ya mafunzo kazini bila kupanga chumba, na hiyo ni pesa.

Wapi pa kusoma? Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kina idara inayounganisha uzalishaji, viwanda na nguo, na mwaka 2007 kilinunua kiwanda cha Rivatex. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina digrii ya uhandisi wa viwanda. Popote uendapo, kwanza uliza Bodi ya Wahandisi ya Kenya kama inaitambua kozi hiyo. Usiulize chuo, uliza bodi. Wahitimu na wanafunzi zaidi ya 100 waliokataliwa na bodi walipeleka kesi hadi Mahakama ya Juu, na uamuzi ukatoka mwaka 2018. Hebu fikiria miaka hiyo yote ya kungoja juu ya ile 5 ya masomo. Na ukishahitimu, unasajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, kisha unahitaji angalau miaka 3 ya kazi ndipo uitwe mhandisi kamili.

Sasa jambo linalotuuma. HELB hutoza asilimia 4 kwa mwaka. Deni la 200,000 ni 8,000 kila mwaka juu yake, na anayechelewa ana faini ya 5,000 kwa mwezi. Wako vijana waliokataa kujaza fomu kwa kuogopa riba, wakabaki nyumbani. Wako waliojaza na moyo haujatulia mpaka leo. Hukumu yake waulize masheikh, mimi si mufti. Na HELB uliza waziwazi kama kuna mpango unaofuata sharia kabla ya kutia sahihi. Lakini kumwambia mtoto "usichukue riba" kisha tukamwacha hapo, hilo si jibu.

Wazee wetu walijibu kwa mifuko yao. Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, iliyopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1951 kufundisha ufundi, ilijengwa kwa michango ya Aga Khan, Sultani Khalifa bin Harub wa Zanzibar na jamii ya Mabohora, serikali ya wakati huo ikaongeza. Ndiyo leo Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kwa jina hilo tangu 2013.

Hapa malori yanashuka kila siku. Pendekezo langu kwa kamati na wafanyabiashara ni mfuko wa karadha isiyo na riba: kila lori, mwenye mali atoe kidogo. Kijana akope, arudishe kile kile akianza kazi, naye mwingine akope. Tuanze na wa diploma. Ni miaka 3, aliyepata C- anaingia, chuo kama Kabete hakiko mbali, na akifaulu vizuri aombe digrii akiwa tayari na mshahara.

Wenye slipu za matokeo waje Jumamosi baada ya Adhuhuri, kila mmoja na mzazi wake. Kalamu na karatasi zipo.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.