Kutoka Kooni Hadi Moyoni: Kinga ya Mwili Inapokosea, na Wajibu Wetu Ufipa

  

Nimeombwa nizungumzie magonjwa yanayotokea pale kinga ya mwili inapoushambulia mwili uleule inaoulinda. Yako zaidi ya themanini. Baadhi mnayafahamu: kisukari cha watoto kinachodai insulini tangu mwanzo, lupasi inayoshika ngozi, viungo na figo, baridi yabisi inayopinda vidole, baadhi ya magonjwa ya tezi ya shingo, mabaka meupe ya ngozi. Kwa mengi kati ya hayo, sayansi bado haijakijua kichocheo cha kwanza, na dawa zake mpya ni ghali mno.

Lakini katika kundi hili umo ugonjwa mmoja ambao kichocheo chake tunakijua, dawa ya kuuzuia ni ya bei nafuu, na bado unaua vijana wa nchi kama yetu: ugonjwa wa valvu za moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi. Hoja yangu leo ni kwamba kwetu Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, elimu ya magonjwa haya inapaswa kuanzia hapo, kwenye koo la mtoto wa shule ya msingi.

Mwili unavyojitambua

Mwanzoni mwa karne ya ishirini, mwanasayansi Paul Ehrlich wa Ujerumani alifundisha kwamba mwili una woga wa kujidhuru. Waliomfuata wakalichukua fundisho hilo kuwa mwili hauwezi kujidhuru kabisa, na kwa takriban nusu karne wengi hawakutafuta zaidi. Mlango ulifunguka mwaka 1956. Noel Rose na Ernest Witebsky, huko Buffalo, Marekani, walionyesha kwamba sungura anaweza kuchochewa hadi kinga yake ikaishambulia tezi yake mwenyewe ya shingo. Mwaka huohuo, jijini London, Ivan Roitt, Deborah Doniach na wenzao walikuta kingamwili zinazolenga tezi hiyohiyo katika damu ya watu wenye ugonjwa wa tezi ulioelezwa na Hakaru Hashimoto wa Japani mwaka 1912.

Mwaka huo wa 1956 ndio aliofariki Dkt. Adrian Atiman huko Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika. Alitekwa utotoni katika nchi ambayo leo ni Mali, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomea utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutibu huko hadi uzeeni. Hospitali mojawapo ya hapa Ufipa ina jina lake. Kwa sehemu kubwa ya utumishi wake penisilini haikuwapo. Mtoto akiletwa kwa tabibu wa zama zile, magoti yamevimba na moyo unakwenda mbio, hakukuwa na dawa ya kuuokoa moyo ule. Alichokikosa Atiman sisi tunacho, na ndiyo maana namtaja.

Tangu wakati huo tumejifunza mengi. Chembe za kinga ziitwazo T hukomazwa katika tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua. Zile zinazoelekea kuushika mwili wenyewe huondolewa humo, ila si zote. Nyingine hupenya na kuingia katika damu. Mwaka 1995 Shimon Sakaguchi wa Japani alitambua aina ya chembe ambazo kazi yake ni kuzituliza hizo zilizopenya. Kwa kazi hiyo, yeye na Wamarekani Mary Brunkow na Fred Ramsdell walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2025. Kwa hiyo kila mmoja wetu humu ukumbini ana chembe zinazoweza kumdhuru, na ana chembe nyingine zinazozizuia. Ugonjwa huja uwiano huo unapovunjika.

Kinachovunja uwiano

Urithi una sehemu yake, ila hautoshi peke yake. Pacha wa kufanana kabisa, mmoja akiugua lupasi, mwenzake mara nyingi haugui. Jinsia nayo ina uzito: kati ya wagonjwa kumi wa lupasi, karibu tisa ni wanawake.

Kuhusu urithi, kuna utafiti uliofanywa kwa jirani zetu wa Kilifi, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2010, ambao kila mwanafunzi wa tiba wa Afrika Mashariki anapaswa kuujua. Watafiti walichunguza badiliko moja la jeni linaloongeza uwezekano wa kupata lupasi. Wakaona kwamba watoto waliorithi badiliko hilo kwa baba na kwa mama walikuwa na kinga zaidi dhidi ya malaria kali. Kilichowaokoa wahenga wetu na malaria kinaweza kumgharimu mjukuu figo zake.

Mazingira ndiyo fungu la tatu. Mwaka 1968 daktari Mwingereza Brian Greenwood alipitia kumbukumbu za hospitali ya chuo kikuu ya Ibadan, Nigeria. Kati ya wagonjwa karibu laki moja waliolazwa, waliokuwa na magonjwa ya kundi hili walizidi mia moja kwa wachache tu. Akapendekeza kwamba vimelea tunavyoishi navyo tangu utotoni huituliza kinga. Hoja hiyo ina nguvu, lakini isitubweteshe. Ugonjwa usiopimwa hauonekani kwenye daftari, na mtoto mwenye kisukari anayefariki kabla ya kupimwa sukari huandikwa kuwa alikufa kwa malaria au kwa homa tu.

Na vimelea havitulizi kinga kila mara. Vingine huipoteza njia, na hapo ndipo tunafika kwenye koo.

Mtoto, koo na valvu

Bakteria aitwaye streptokokasi wa kundi A huambukizwa kwa mate na makohozi, na hustawi pale watoto wanapolala wengi pamoja. Hapa kwetu, kwenye mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, baridi ya Juni na Julai hutusogeza sote karibu: mabweni yamejaa, madirisha yamefungwa, watoto wanne wanashiriki blanketi moja. Mtoto anaumwa mafindofindo, au tonsesi kama wengi wanavyosema, kisha anapata nafuu na kurudi kucheza.

Wiki mbili au tatu baadaye goti linavimba. Kesho kutwa goti limepoa, kifundo cha mguu kinawaka, halafu kiwiko. Mama anasema ni mpira, bibi anasema ni baridi, jirani anaanza kumtafuta mbaya wao. Maumivu yanaisha yenyewe na nyumba inatulia. Moyo, hata hivyo, umeguswa. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi, ambayo si ile baridi yabisi inayopinda vidole.

Wafugaji mtanielewa upesi. Ng'ombe wa mazizi mawili wakiwa na chapa zinazokaribiana, mtu anaweza kumkamata ng'ombe wa jirani akiamini kwa dhati kuwa ni wake. Protini iliyo kwenye ganda la streptokokasi inakaribiana kwa umbo na protini za moyo wa binadamu. Kinga iliyojifunza kumshambulia bakteria kooni inaikuta chapa hiyo moyoni na kuishambulia pia. Maambukizi yakirudi, shambulio nalo linarudi. Valvu iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo hunenepa, hukakamaa, hushikana kingo au hushindwa kujifunga. Miaka kadhaa baadaye kijana anashindwa kupanda mlima na ndoo ya maji. Kwa msichana, mara nyingi ugonjwa hujitokeza katika ujauzito wa kwanza, damu inapoongezeka mwilini na moyo kuzidiwa.

Hapo safari inakuwa ndefu: zaidi ya kilomita 300 hadi Mbeya, na zaidi ya 1,000 hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Duniani kote zaidi ya watu milioni 40 wanaishi na ugonjwa huu, na zaidi ya 300,000 hufa kila mwaka. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zichukue hatua.

Tiba

Kwa magonjwa mengi ya kundi hili, tunachofanya ni kuipunguza kinga nguvu au kurudisha kilichopotea. Mwaka 1948 Philip Hench na wenzake, Marekani, walimpa kotisoni mwanamke aliyelemazwa na baridi yabisi, na baada ya siku chache akaanza kutembea. Ndugu wa dawa hiyo, prednisoloni, inauzwa leo katika maduka yetu. Inaokoa maisha ikisimamiwa na daktari. Ikinywewa kiholela hudhoofisha mifupa, hupandisha sukari na kufungulia njia maambukizi, na kuiacha ghafla baada ya kuizoea ni hatari. Hidroksiklorokwini, iliyotokana na dawa za malaria, ndiyo nguzo ya tiba ya lupasi. Insulini haina mbadala kwa mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza: mitishamba haiwezi kuchukua nafasi yake, na siku chache bila insulini zinatosha kumuua.

Kwa homa ya baridi yabisi tuna kitu bora zaidi, yaani kuuzuia ugonjwa usitokee. Mwaka 1950 matokeo kutoka kambi ya jeshi ya Fort Warren, Marekani, yalionyesha kwamba penisilini ikitolewa wakati koo linauma, homa hii huzuilika kwa sehemu kubwa. Hata dawa ikianza siku ya tisa tangu koo liume, bado inasaidia.

Kwa mtoto ambaye tayari ameguswa, kuna sindano ya benzathini penisilini, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Penadur. Wauguzi mnaifahamu: unga mweupe unaochanganywa na maji, mzito, unaoziba sindano nyembamba, unaoingizwa polepole kwenye msuli wa paja au tako. Inauma, na mtoto anaikumbuka. Hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne, kwa miaka kumi au zaidi. Wale ambao valvu zimeharibika sana, daktari anaweza kuwapa vidonge badala yake.

Je, inafaa? Jibu limetoka kwa majirani zetu wa kaskazini mwa Uganda. Watoto na vijana 818, ambao dalili za awali za ugonjwa zilionekana kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, waligawanywa mafungu mawili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 8.2 ya wasiopewa sindano, na kwa asilimia 0.8 tu ya waliopewa.

Wajibu wetu

Wazazi wangu, si kila koo linalouma ni la bakteria huyu. Mengi ni ya virusi na hupona yenyewe. Lakini koo likiuma ghafla, kuna homa, tezi chini ya taya zimevimba, mafindofindo yana usaha mweupe, na mtoto hana kikohozi wala kamasi, mpelekeni zahanati siku hiyohiyo. Msimkate kimeo: kimeo hakihusiki na ugonjwa huu, na mtoto anaweza kupoteza damu nyingi au kupata maambukizi mapya. Wenye maduka ya dawa, vidonge vya siku mbili havimkingi mtoto huyu. Anahitaji sindano moja kamili au vidonge vya siku kumi.

Walimu wakuu, punguzeni msongamano wa vitanda na fungueni madirisha ya mabweni. Huko Ulaya homa hii ilianza kupungua kabla ya penisilini, nyumba zilipokuwa na nafasi zaidi. Waganga wafawidhi, kila zahanati iwe na daftari la watoto wa sindano ya mwezi, ili mtoto wa Mtowisa au Kasanga asiyefika siku yake aulizwe nyumbani kwake wiki hiyohiyo. Na ninyi wanafunzi, jifunzeni kuusikiliza moyo. Mlio wa valvu inayovuja husikika kwa kifaa cha masikioni kabla mgonjwa hajaanza kuhema, na kifaa hicho hakihitaji umeme wala rufaa.

Nawaomba viongozi wa mkoa tuanze na shule chache, kwa kipimo cha mawimbi ya sauti na daftari linalofuatiliwa, tuone tuna watoto wangapi. Tukishawajua, dawa ipo.